Mkono Uliokatazwa Kufyatua

Tarehe 10 Machi, 1955, Uingereza iliivunja kamandi yake ya mizinga ya kutungulia ndege. Kamandi hiyo iliundwa tarehe 1 Aprili, 1939, miezi michache kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na umri wake haukutimia miaka kumi na sita. Kikosi kikishavunjwa, aghalabu kinachobaki ni picha, hesabu za makombora na kumbukumbu za wazee wanaozidi kupungua kila mwaka. Lakini kamandi hii iliacha kitu chengine, nacho ni suali ambalo jawabu yake haikutolewa na amri iliyoivunja. Suali lenyewe ni fupi: watu wengi wakishirikiana katika tendo moja, na tendo hilo likawa ni kuua, ni nani kati yao aliyelitenda?

Suali hili halikuzuka kwa bahati. Lilizaliwa na sharti moja lililowekwa katika kamandi hiyo, sharti ambalo kwa wakati wake lilionekana kuwa la hishima na la huruma, na ambalo ukilichungua kwa utulivu linageuka kuwa fumbo.

Kamandi ilizaliwa katika upungufu. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, mizinga haikuwa ikitosha, na wanaume wa kuihudumia walikuwa wakihitajika pia katika jeshi la miguu, katika manowari na katika viwanda. Aliyeiongoza tangu Julai 1939 hadi 1945 alikuwa ni Jenerali Frederick Pile. Hata kabla ya vita, katika mwaka 1938, Pile alimwalika mhandisi wa umeme, Bi Caroline Haslett, aje kuitazama mizinga katika mazoezi, kisha ampe rai yake juu ya kazi ambazo wanawake wangeliweza kuzifanya. Bi Haslett aliona kwamba wangeliweza karibu zote, khasa zile za vyombo vya kupimia na kukisia. Rai hiyo ilikaa mpaka dharura ilipoilazimisha. Mnamo Aprili 1941 wanawake wa Jeshi la Wasaidizi wa Kike, lililoundwa mwaka 1938, walipewa daraja kamili ya kijeshi. Agosti ya mwaka huo huo kombania ya mwanzo iliyowachanganya wanaume na wanawake ikapiga kambi Richmond Park, pembezoni mwa London. Kufika mwaka 1943 wanawake waliokuwa chini ya kamandi walipindukia 50,000. Miongoni mwao alikuwamo Mary, binti wa Waziri Mkuu Winston Churchill mwenyewe.

Wanawake hao walifunzwa kila kazi isipokuwa moja. Waliruhusiwa kuitafuta ndege angani, kuipima kimo chake, kuihesabia mwendo wake na kuuambia mzinga uelekee wapi. Hawakuruhusiwa kuufyatua. Sababu iliyotolewa ilikuwa ile ya tangu na tangu: mwanamke ni mleta uhai, haifai awe mtoa roho. Sheria ya Disemba 1941 iliyowaita wanawake katika utumishi wa lazima nayo ilishika njia hiyo hiyo: hakuna mwanamke aliyeweza kulazimishwa kutumia silaha ya kuua bila ya kuridhia mwenyewe kwa maandishi.

Ili kulipima sharti hili, hapana budi kuifahamu kazi yenyewe, kwa sababu fumbo lote limo ndani ya kazi.

Ndege ya kudondosha mabomu ya zama hizo iliweza kuruka kwa mwendo wa kilomita 400 kwa saa. Kombora lililotoka katika mzinga mzito wa inchi 3.7 lingeweza kuchukua sekunde ishirini kukifikia kimo cha ndege. Ndani ya sekunde hizo ndege imeshakwenda zaidi ya kilomita mbili. Kwa hiyo mtu aliyeulenga mzinga pale alipoiona ndege alikuwa akilenga pahala ambapo kombora halingeikuta. Mzinga ulipaswa kulengwa penye hewa tupu, pahala ambapo ndege haijafika bado, na kombora lenyewe lilipaswa kutegwa saa yake ndogo ili lipasuke hapo hapo, si mapema wala si baadaye. Ilikuwa ni kazi ya kuuona wakati ujao kwa sekunde ishirini.

Jicho la kuuona wakati huo lilikuwa ni la wanawake. Kundi moja lilishughulika na chombo cha kupimia kimo. Jengine lilikaa kwenye mashine ya kukisia, wengine wakiifuata ndege kwa darubini, mmoja kwa upande na mmoja kwa mwinuko, wengine wakizungusha vigurudumu na kusoma mishale. Usiku na penye mawingu, wengine walikaa kwenye rada. Mashine ilipokwisha kupiga hesabu yake, jawabu ilisafiri kwa waya wa umeme mpaka penye mizinga, ikaonekana katika saa zenye mishale. Wanaume waliokaa kwenye mzinga hawakuwa na haja ya kuitazama mbingu. Walizungusha mzinga mpaka mshale wao ukalingana na mshale ulioletwa na waya. Kombora likategwa, likashindiliwa, ofisa akatoa amri, na mkono wa mwanamume ukafyatua.

Sasa na arejewe yule mwenye suali lake. Ndege ikitunguliwa na vijana wanne au watano waliomo ndani wakaungua, ni nani aliyewaua? Sharti linajibu: ni yule aliyefyatua. Yule aliyewaona, akawafuata kwa darubini, akawapimia kimo na kuwakadiria mauti yao kwa sekunde, mikono yake ni safi.

Watu wa pwani hawana haja ya kwenda mbali kuupata mfano wa jambo hili. Katika nyumba nyingi za visiwani mwanamke humlea kuku tangu kifaranga, akamkimbiza uani akamkamata, akamfunga miguu, akakinoa kisu. Kisha husimama mlangoni kumtafuta mwanamume wa kumchinjia. Akikosa mtu mzima humwita kijana apitaye njiani akitoka chuoni, hata kama ni wa miaka kumi na miwili. Kijana hutia kisu, hupiga bismillahi, huenda zake. Mwanamke humnyonyoa kuku, humpasua, humpika. Wanazuoni wameeleza kwamba kichinjo cha mwanamke ni halali kama cha mwanamume, kwa hiyo lililoshikwa hapa ni ada, si sharia. Na ada hii inafanana na sharti la kamandi kama shilingi kwa ya pili: mwanamke ana kila kitu cha tendo hilo, nia, ujuzi na matayarisho, ila hana ule ukomo wake. Huyo kijana wa chuoni, ambaye hakumjua kuku wala hakuwa na shauri naye, ndiye anayeitwa mchinjaji.

Wahenga waliliona hilo waliposema kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Kwa kawaida methali hii husomwa kuwa ni wito wa ushirikiano. Lakini ina upande wa pili, ambao haukumbukwi sana: ikiwa mkono mmoja hauchinji, basi ng'ombe akishachinjwa hakuna mkono mmoja unaoweza kusema, "Ni mimi peke yangu," wala hakuna unaoweza kusema, "Mimi simo." Wavuvi wa juya wanaijua kanuni hii vyema. Yuko aliyelizungusha juya baharini kwa chombo, wako waliokuwa wakivuta kamba huku na huku, yuko aliyepiga mbizi kuukomboa wavu ulionasa mwambani. Samaki wakifika ufukweni kila mmoja hupata fungu lake. Hakuna aulizaye ni mkono gani hasa uliomtoa samaki majini. Na panapogawiwa fungu la kitoweo, haielekei lawama ya juya lililoraruka au la pahala palipokatazwa kuvuliwa ikabebwa na mtu mmoja.

Hata hivyo haifai kulimaliza suali kwa haraka namna hiyo, kwani tofauti kati ya mtayarishaji na mtendaji si ya uongo. Mhunzi aliyekifua kisu hakumchoma mtu. Nahodha aliyemvusha mwizi si mwizi. Wanazuoni wa fiqhi waliizungumza mas-ala hii kwa makini, wakizungumzia mauaji ya dhulma na si vita, lakini namna walivyofikiri inafaa kuazimwa. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab aliwahukumu kwa pamoja watu walioshirikiana kumuua mtu mmoja huko Sanaa, akasema kuwa lau mji wote ungelishiriki, angeliuhukumu wote. Hapo kundi zima limekuwa ni muuaji mmoja. Lakini fiqhi hiyo hiyo imemtazama mtu aliyemshika mwenziwe hata akaja mwengine akamuua, na wanazuoni wakakhitalifiana. Wako waliosema muuaji ana hukumu yake na mshikaji ana yake iliyo nyepesi. Imam Malik alitazama kile ambacho mshikaji alikuwa akikijua. Ikiwa alimshika hali akijua kwamba mwenziwe anakusudia kuua, hukumu yao ni moja. Ikiwa alidhani anakusudia kumpiga tu, hukumu yake ni nyengine.

Hapa ndipo lilipo shina la jambo. Kinachomfunga mtu na tendo si kwamba mkono wake ulikuwa wa mwisho kuligusa, bali ni ujuzi wake na nia yake alipoutia mkono huo. Na kwa kipimo hiki sharti la kamandi linapinduka miguu juu. Mwanamume aliyekaa mzingani aliona mshale, akausogeza mshale mwengine, akafyatua alipoamriwa. Mwanamke aliyekaa kwenye darubini aliiona ndege yenyewe. Katika watu wote wa kombania ile, yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na wale waliokuwa wakienda kufa, na ilikuwa ni utulivu wa mkono wake uliokuwa ukiamua kama watakufa au watapita. Angelitetemeka, kombora lingelipasuka penye hewa tupu. Kumwambia mtu kama huyo kuwa hakuua si kumhurumia. Ni kumwambia kwamba hakuwapo.

Upo ushahidi mwengine kwamba sharti hili halikuwa juu ya roho za watu. Kuanzia tarehe 13 Juni, 1944, Ujerumani ilianza kuipiga London kwa mabomu yenye mbawa, yaliyokuja yenyewe bila ya rubani. Katikati ya Julai mizinga ikahamishwa kwenda pwani ya kusini mashariki ili iyapige yakiwa bado juu ya bahari. Kwa rada mpya, mashine mpya za kukisia, na makombora yaliyoweza kupasuka yenyewe yanapoikaribia shabaha, kazi ikafanikiwa kuliko wakati wowote wa vita. Siku moja mwishoni mwa Agosti yalikuja mabomu zaidi ya 90, na manne tu ndiyo yaliyoifikia London. Ndani ya mabomu hayo hamkuwa na mtu. Aliyeyatungua hakumuua yeyote. Aliokoa roho, na hakutoa hata moja. Lau katazo lingelikuwa kweli ni la kumwepusha mwanamke na kutoa roho, basi hapo lingelifaa liondolewe, kwa kuwa angani hamkuwa na roho ya kutolewa. Halikuondolewa. Mwanamke alibaki kuwa mtu wa kupima na mwanamume akabaki kuwa mtu wa kufyatua mpaka vita vikamalizika. Kwa hiyo kilichokuwa kikilindwa si uhai bali ni jina: jina la mpiganaji, pamoja na yote yanayofuatana nalo, ikiwa ni pamoja na mshahara. Wanawake hao walilipwa theluthi mbili za alicholipwa mwanamume wa cheo chao.

Mauti nayo hayakuutambua mpaka uliochorwa na sharti. Mnamo Aprili 1942 msichana wa miaka 18, akiwa kazini kwenye mashine ya kukisia, alipigwa na kipande cha bomu akafa. Alikuwa ni wa mwanzo katika wanawake wa kamandi kuuawa wakiwa penye vyombo vyao. Mwenziwe aliingia pahala pake papo hapo, na mashine haikusita. Rubani aliyelidondosha bomu lile hakuuliza ni nani pale chini aliyekuwa na ruhusa ya kufyatua na nani hakuwa nayo. Kwa adui kombania ilikuwa kitu kimoja, na adui katika hili alikuwa mkweli kuliko sheria.

Miezi minne baadaye, tarehe 23 Agosti, 1942, vifaru vya Kijerumani vilifika kaskazini ya mji wa Stalingrad. Vilikutana na mizinga ya kutungulia ndege ya kikosi cha 1077 cha Kirusi, ambacho wengi wa wahudumu wake walikuwa ni wasichana waliotoka karibuni masomoni. Walizishusha chini shingo za mizinga yao na kuvipiga vifaru mpaka mizinga ikanyamazishwa mmoja baada ya mmoja. Hapo hapakuwa na mgawano wa kupima na kufyatua. Haifai kusema kwamba hali yao ilikuwa bora. Wengi walikufa, na hakuna hishima inayomlipa mzazi mwanawe. Linaloweza kusemwa ni kwamba waliokufa walikufa wakiwa na jina la kile walichokifanya.

Kuna atakayesema: kama ni hivyo, sharti lile liliwafaa wanawake, kwani liliwaachia usingizi wa raha. Pengine wako waliopata faraja hiyo, na faraja ya mtu haichezewi. Lakini faraja inayopatikana kwa kukatwa kipande cha ukweli ina deni. Mtu aliyeambiwa hakuua huambiwa pia, kwa ulimi ule ule, kwamba hakuokoa. Sifa na dhamana ni watoto pacha. Ukimnyima mtu mmoja, umemnyima na wa pili. Kamandi ilipotaka kuwasifu wanawake iliwasifu kwa usaidizi wao, na msaidizi hana ushindi wake mwenyewe.

Tena dhamana ya tendo ni pana kuliko walengwa wake. Septemba 1940, kabla ya wanawake kushika vyombo, Pile aliamuru mizinga ya London ipige bila ya kusita usiku kucha. Yalikisiwa makombora kama 20,000 kwa kila ndege iliyotunguliwa mwezi huo. Mapema mwaka uliofuata idadi ikashuka hadi elfu chache. Kwa kipimo cha shabaha ule ulikuwa ni uharibifu. Lakini watu waliokuwa wakipigwa kimya kimya waliusikia mji wao ukijibu, wakapata moyo. Na vyuma vile vile vilivyowapa moyo vilirudi chini, vikatoboa mapaa na kuwaua baadhi ya watu waliokuwa wakilindwa. Nani atachukua fungu la vyuma hivyo? Ikiwa ni mfyatuaji peke yake, basi amebebeshwa mzigo wa mji mzima uliomtaka afyatue. Watu waliolala vizuri kwa sababu ya mshindo ule nao wana fungu lao, dogo lakini la kweli.

Kamandi ilivunjwa kwa sababu zilizoeleweka. Ndege za jeti zilizidi mbio na kimo, bomu la atomiki lilifanya hata ndege moja ipitayo iwe ni maangamizi, na zama za makombora yaongozwayo zilikuwa zinabisha hodi. Serikali ilitangaza uamuzi wake Disemba 1954, na miezi mitatu baadaye kamandi ikawa haipo. Katika jeshi la Uingereza milango yote ya mapigano haikufunguliwa kwa wanawake mpaka mwaka 2018. Lakini namna ya kufikiri iliyolizaa sharti lile haikuvunjwa pamoja na mizinga. Imekua. Leo, katika vita vya ndege zisizo na rubani, yuko atazamaye picha, yuko achaguaye shabaha, yuko mwanasheria akubaliye, yuko abonyezaye kitufe akiwa mbali na uwanja wa vita, na iko programu iliyopendekeza jina la wa kupigwa. Kila mmoja katika mnyororo huo ana maneno ya kamandi ile mdomoni mwake: "Mimi nilipima tu." Hata abonyezaye naye anayo yake: "Mimi nilifuata mshale." Zamani sharti liliitenga mikono ya wanawake na tendo. Sasa limepanuka mpaka likaitenga mikono ya wote, na maiti amebaki pasi na muuaji.

Dawa ya hali hii si kumtafuta mmoja wa kutwikwa yote. Ni kuurudisha uadilifu wa wavuvi wa juya: kila aliyeshika kamba akijua inavuta nini, achukue fungu lake, la kitoweo na la lawama, kwa kadiri ya alivyojua na alivyokusudia. Wanawake wa kamandi iliyovunjwa mwaka 1955 walistahiki kuambiwa hilo. Walistahiki kuambiwa kwamba waliutetea mji, na kwamba katika kuutetea waliua, na kwamba mambo yote mawili ni yao. Huenda maneno hayo yangelikuwa mazito kuyabeba. Lakini yangelikuwa ni yao, na mzigo wa mtu mwenyewe, hata ukiwa mzito, haumfanyi mdogo.